Nilitema Damu Harusini, Leo Napiga Besi

Nakuandikia wewe unayekohoa usiku huku umejiziba mdomo kwa shuka, walio chumba cha pili wasikusikie. Nakuandikia na wewe mke, mama au ndugu unayemsikia, ukanyamaza kwa sababu hujui useme nini. Mimi ni mpiga gitaa la besi katika bendi ya hapa Kyela, mkoani Mbeya, upande huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Niliugua kifua kikuu, na Mungu ameniponya kwa dawa za hospitali na kwa mikono ya ndugu zangu. Nitasimulia yote kwa mpangilio, hata yale ambayo bado yananitia baridi mwilini.

Nilizaliwa Ipinda, katika familia ya mpunga, migomba na kakao. Baba alipuliza tarumbeta kubwa la besi katika ushirika wetu wa Moravian. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na huku kwetu kuimba kwa sauti nne ni kitu ambacho mtoto anakikuta nyumbani. Wenzangu walipenda soprano na tenor kwa sababu ndizo zinazosikika. Mimi nilikaa karibu na baba, nikaishika ile sauti ya chini inayotembea polepole na kubeba nyingine zote.

Nyumbani palikuwa na redio ya betri na kanda za Mlimani Park, Vijana Jazz na Tancut Almasi ya Iringa. Mlimani Park ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, mimi sijazaliwa, lakini nyimbo zake baba alizijua zote. Nilikuwa naweka sikio kwenye spika na kulifuata gitaa la besi peke yake, kama mtu anayemfuata mzazi wake sokoni katikati ya watu wengi. Kwaya ya vijana iliponunua gitaa la besi la mtumba, nilikuwa tayari nazijua njia zake kwa mdomo. Vidole vilichukua muda tu kufika pale masikio yalipokuwa.

Baadaye nikaingia kwenye bendi. Jumapili nilipiga kwaya kanisani, Jumamosi nilipiga harusi. Bendi yetu ina solo, rizimu, besi, kinanda, dramu na tumba, pamoja na waimbaji wawili. Mazoezi tulifanya jioni katika stoo ya mpunga mjini Kyela, aliyotuazima mjomba wa mpiga solo. Milango tulifunga ili majirani wasisumbuke. Joto la Kyela unalijua, maana sisi tuko chini karibu na ziwa, wakati jirani zetu wa Tukuyu kule juu wanavaa masweta. Ndani ya stoo tulitiririka jasho, vumbi la mpunga likituingia puani, tukaurudia wimbo mmoja mpaka ukakaa.

Besi ya dansi haijazi kila pigo. Inagonga, inaacha nafasi, tumba inajibu, inagonga tena. Mpiga solo akikosea, watu wanaendelea kucheza. Besi ikipotea, watu wanasimama katikati ya ukumbi, wala hawajui kilichowasimamisha. Nilikuwa naipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Nyuzi zikichoka na pesa hakuna, tulizichemsha kwenye sufuria ili sauti irudi. Umeme ukikatika, tuliwasha jenereta na kuendelea.

Mapato yetu yalifuata shamba. Mpunga ukishavunwa, kuanzia Juni hivi, na kakao ikishauzwa mnadani, watu wanaoa, wanaaga mabinti, wanasherehekea kipaimara. Hapo tulipiga kila wiki, leo Ipinda, kesho Ngonga, mara nyingine Kasumulu mpakani. Barabara ya kutoka Kikusya kwenda Matema kupitia Ipinda ilipowekewa lami, tulianza kualikwa Matema ufukweni, chini ya milima ya Livingstone. Masika yakija, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inajaa, maji yanaingia hadi majumbani, nasi tunapandisha spika juu ya meza na kusubiri. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, na yalinitosha.

Kikohozi kilianza kuelekea Krismasi. Kilikuwa kikavu, cha asubuhi. Kila mtu aliniambia ni vumbi la mpunga, na lilikuwa jambo la kuaminika, kwani tuliokuwa mle stooni wote tulikuwa tunapiga chafya. Nilikunywa dawa ya kikohozi ya dukani. Nikanywa na ndimu na tangawizi alizonichemshia mama. Kikapungua, kikarudi.

Mwezi Januari nikaanza kulowa jasho usiku. Kyela kila mtu analowa jasho usiku, kwa hiyo hata mke wangu hakushtuka. Jioni nilipata homa ndogo. Nilipimwa malaria zahanati, haikuonekana. Nikaanza kukaza mkanda wa suruali. Ule mkanda wa gitaa, ambao nilikuwa nauvaa mpaka saa nane za usiku bila kuusikia, ukaanza kuniumiza bega, kwa sababu nyama ya begani ilikuwa imekwisha. Mpiga tumba aliniletea kiti. Akasema, "Kaka, besi hata ukikaa inalia." Nikakaa. Nilipiga nimekaa tangu siku hiyo.

Mwishoni mwa Februari, kabla ya Kwaresima, tulialikwa harusi upande wa Matema. Bibi harusi na bwana harusi walikuwa wameshaingia. Watu walikuwa wanasimama kwenda kutunza. Tulikuwa katikati ya sebene.

Nikakohoa.

Nikaziba mdomo kwa leso, mkono wa kushoto ukaachia nyuzi. Besi ikakatika. Watu wakasimama.

Nikaitazama leso. Ilikuwa nyekundu. Si madoadoa. Nyekundu.

Mpiga dramu aliiona. Hakusema kitu. Aliendelea kupiga peke yake, pigo moja moja, akinitazama. Mwimbaji akadhani umeme umeleta shida. Mimi nilishuka na kukaa nyuma ya spika, kwenye mchanga. Nilisikia watu wanacheka, vijiko vinagonga sahani. Nikamkumbuka baba yangu mdogo. Nilipokuwa mtoto alikohoa damu namna ile ile, kwenye kitambaa cheupe. Masika moja tu, tukamzika.

Jumatatu mke wangu alinipeleka hospitali ya wilaya. Hakuuliza kama ninataka. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaita bodaboda, akapanda nyuma yangu akinishika nisianguke. Walinipa kikopo nikatoa makohozi, wakayapeleka kwenye mashine. Majibu yalitoka siku hiyo hiyo. Kifua kikuu.

Muuguzi wa kliniki ya TB alituketisha. Alikuwa dada mwenye umri wa mdogo wangu, lakini alisema nasi kama mama. Alieleza kwamba ugonjwa huu una kijidudu chake, ambacho daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kukigundua tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo ni siku ya kifua kikuu duniani. Alisema si uchawi, si laana ya ukoo, na baba mdogo hakuniachia urithi huo. Unaenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, anapoimba au anapozungumza ndani ya chumba kilichofungwa. Hauenei kwa sahani, kikombe wala kushikana mikono. Alisema dawa ni bure, na matibabu ni miezi 6. Miezi 2 ya kwanza ni dawa za aina nne zilizowekwa pamoja katika kidonge kimoja, na miezi 4 inayofuata ni za aina mbili.

Kisha akasema kila mwenye kifua kikuu anapimwa pia virusi vya UKIMWI. Mke wangu akanishika mkono. Kule kusubiri majibu sitaki kukueleza sana. Nilikuwa nasikia damu inapiga masikioni. Majibu yalisema sina. Lakini pale kwenye benchi nilikaa na watu waliokuwa na yote mawili, na mmoja wao, mzee mvuvi, ndiye aliyenigawia maji yake ya kunywa. Yeye pia alikuwa anatibiwa yote mawili, na alikuwa anaendelea vizuri.

Nilidhani nikishaanza dawa, mabaya yameisha. Ndugu yangu, mabaya yangu yalikuwa bado.

Kwaresima ile nilikaa chumba cha nyuma. Mkojo ulibadilika rangi ukawa wa machungwa, na ingawa tuliambiwa ni dawa, niliogopa kila nilipokwenda chooni. Chakula kilinirudi. Mvua ilikuwa inanyesha usiku na mchana. Baadhi ya majirani waliacha kupita uani kwetu. Jirani mmoja alimwambia mke wangu kwamba mwanamuziki wa harusi hakosi "ule mwingine". Mke wangu alirudi ndani, akaendelea kuchambua mchele, machozi yakidondokea kwenye ungo. Gitaa lilikuwa mali ya bendi. Walikuja kulichukua, kwa adabu, kwa sababu kulikuwa na shughuli na kijana mmoja alikuwa ameombwa ashike nafasi yangu. Nilielewa. Lakini walipolitoa mlangoni niligeukia ukutani.

Wiki chache baadaye vidole vikaanza kufa ganzi.

Kwanza nyayo. Halafu ncha za vidole, mkono wa kushoto na wa kulia. Nilishika kijiko, nikaona nimekishika, ila sikukisikia. Nikachukua uzi wa zamani wa besi uliokuwa umening'inia kwenye msumari. Nikaukandamiza kwa kidole. Sikusikia kitu. Nikaukandamiza tena. Hakuna. Nilikaa na ule uzi mkononi mpaka giza likaingia.

Siku ya Pasaka alfajiri, sisi Wamoraviani tunakwenda makaburini kabla jua halijachomoza kumtangaza Kristo aliyefufuka. Matarumbeta yanatangulia. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kukosa. Safari hiyo nilibaki kitandani. Mvua ilikuwa imekatika. Nikayasikia matarumbeta yakitokea barabarani, yakikaribia, yakipita mbele ya nyumba yetu. Nilisikia besi. Aliyekuwa anaipuliza alikuwa kijana aliyerithi nafasi ya baba.

Yakapita. Yakaenda kwa marehemu.

Nikawaza, mwaka ujao yatakuwa yamenijia mimi. Niliwaza hivyo waziwazi. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kulia. Nikasema, "Kyala, Mungu wangu, kama ni kunichukua, nichukue leo, hawa wapumzike." Nikanyamaza. Hakuna kilichotokea. Jogoo aliwika. Mama yangu akaingia na uji.

Mama hakunisikia nilivyoomba, au kama alisikia hakusema. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua vidole vyangu, akaanza kuvikanda kimoja kimoja. Nikamwambia havisikii. Akauliza, "Tangu lini, mwanangu?" Nikamwambia. Akasimama. Akamwita mke wangu. Walipanga pale pale kwamba kliniki ikifunguliwa baada ya sikukuu, tunakwenda kusema.

Siku iliyofuata, Jumatatu ya Pasaka, kwaya ilikuja. Mzee wa kanisa alitangulia, akaomba. Kisha wakasimama chini ya mwembe uani kwetu na kuimba, wote, sauti nne, mlango wa chumba changu ukiwa wazi. Waliokuwa wameacha kupita walisikia, wakaja kusimama kwenye uzio. Nyuma ya kwaya nikawaona wenzangu wa bendi. Mpiga dramu alinipa bahasha. Walikuwa wamepiga shughuli mbili tangu nilazwe chini, na kila walipogawana mapato, fungu la besi waligawa mara mbili, nusu ya yule kijana na nusu yangu. Nilishindwa kusema neno. Mke wangu ndiye aliyesema, "Ndaga fijo," yaani asanteni sana. Wote wakaitikia.

Hospitali walinisikiliza. Muuguzi alisema ganzi ile ni jambo linalojulikana, inaletwa na mojawapo ya dawa za kifua kikuu ambayo inapunguza vitamini B6 mwilini. Alisema nisiache dawa hata siku moja, akanipa vidonge vya vitamini hiyo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu bado, lakini sasa hofu ilikuwa na jina na ilikuwa na dawa. Alisema pia kwamba wote tulioishi pamoja waje wachunguzwe. Mama na mke wangu walikuwa salama. Mtoto wetu mdogo alianzishiwa dawa ya kinga. Na wenzangu wa bendi walikwenda wote, pamoja, kwenye lile gari linalobeba vyombo. Mmoja alikutwa na kifua kikuu mapema, kabla hajaanza hata kukohoa sana. Ametibiwa, amepona, na bado anatuimbia.

Kliniki ilimtaka mtu wa kunisimamia nimeze dawa nyumbani. Mke wangu alikubali. Kila asubuhi alinipa vidonge na maji, akasimama hapo mpaka nimeze, kisha akaweka alama kwenye kadi. Hakukosa asubuhi hata moja. Kulikuwa na asubuhi ambazo sikutaka kuviona vidonge. Alikuwa ananiambia, "Baba watoto, meza, twende shambani," ingawa alijua siwezi kwenda shambani. Mama alihakikisha nakula: ndizi za kupika, maharage, usipa, na siku mvuvi yule mzee alipobahatisha, kipande cha mbasa.

Mwezi Mei makohozi yalipimwa tena. Hayakuwa na vijidudu. Nilimwomba muuguzi arudie kusema.

Ndipo yule kijana aliyeshika nafasi yangu alipoanza kuja jioni. Alikuwa anapata shida na nyimbo zetu za zamani. Vidole vyangu vilikuwa bado havijarudi sawasawa, na gitaa lilikuwa zito kwangu, kwa hiyo nilimfundisha kwa mdomo. Nilimwimbia besi, naye akaitafuta kwenye nyuzi. Akijaza mno nilimwambia aache nafasi, asikilize tumba. Tulikaa nje, kwenye hewa. Pumzi yangu ilikatika kila baada ya mistari michache, akasubiri, tukaendelea. Sikujua wakati ule kwamba na mimi nilikuwa natibiwa pale. Kifua kilizoea upya kutoa sauti. Siku moja akaniwekea gitaa mapajani bila kusema. Nikabonyeza uzi wa juu. Niliusikia. Hafifu, lakini niliusikia kwenye ngozi. Kijana yule alimwita mke wangu jikoni kwa sauti kubwa, naye mke wangu akaja mbio akidhani nimeanguka.

Julai, mpunga ukiwa umevunwa, nilipiga harusi moja hapo kwetu Ipinda. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti. Nilipiga nyimbo tatu, kijana akapiga zilizobaki. Mwezi uliofuata nikapiga nusu ya shughuli. Nikamaliza dawa zote, kadi ikafungwa, na daktari akasema nimepona. Kanisani nilisimama na mke wangu na mama yangu, tukatoa sadaka ya shukrani.

Leo napiga mpaka usiku wa manane. Yule kijana ana bendi yake ya kwaya, na tukiwa na shughuli mbili siku moja tunasaidiana. Milango ya stoo hatufungi tena. Tuliongea na majirani tukapunguza sauti, tukafungua madirisha yote. Bado nikipata mafua, nikikohoa mara moja tu, mwili wote unasimama, na mkono unatafuta leso. Naitazama. Huwa ni nyeupe. Namshukuru Mungu kila mara.

Sasa nakugeukia wewe. Shirika la Afya Duniani linaiweka Tanzania kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa hiyo usidhani umechaguliwa peke yako kwa aibu. Kama umekohoa wiki 2 au zaidi, kama unalowa jasho usiku, una homa za jioni, unakonda bila sababu, nenda kapime makohozi. Vipimo na dawa hutoi pesa katika kituo cha serikali. Ukianza dawa, usikatishe hata ukijisikia nafuu, kwa sababu ukikatisha ugonjwa unaweza kurudi na usugu wa dawa, na matibabu yake ni magumu zaidi. Ukiona ganzi, macho ya njano, upele au jambo lolote jipya mwilini, usiache dawa kimyakimya. Nenda ukaseme. Mtafute mtu mmoja nyumbani akusimamie, na umruhusu akusimamie.

Na ninyi mlio na mgonjwa, mpelekeeni uji, mpelekeeni nyimbo, mgawieni fungu lake. Kapimeni pamoja naye. Kesho asubuhi mshike mkono mwende hospitali, na Bwana awatangulie.